Mwaka Ambao Kasian Alikataa Wali

Juzi tulimzika Mama Adela kule Kiberege. Msibani nilikaa upande wa wanaume, nimebanwa kati ya rafiki yangu Kasian na bwana mmoja nisiyemjua, mkwe wa marehemu kutoka upande wa Mahenge. Alikuwa mtu wa heshima zake, shati limenyooshwa, akawa anatuangalia sisi wawili, mmoja mnene kama gunia la pumba, mwingine mguu mmoja mfupi, wote macho yamevimba kwa kulia, mwishowe akauliza kwa upole tunahusiana vipi na marehemu. Kasian akamjibu, "Mimi nilianguka kwenye mpunga wake." Mimi nikasema, "Na mimi nilikula wali wake." Yule bwana akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, halafu akasogeza kiti chake kidogo. Simlaumu. Nilipofika nyumbani nikasema ngoja niuandike ule mwaka wote kabla sijaanza kuutia chumvi. Chumvi kidogo itakuwemo tu, mimi ni mpishi, lakini haitazidi. Habari za nilizaliwa wapi na babu yangu alitokea wapi tuziache, hazina utamu wowote na wenyewe waliokuwa wanazijua wameshafariki.

Mwaka huo mimi na Kasian tulikuwa tunakaa chumba kimoja Mlabani, hapa Ifakara. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, jiko la mkaa ambalo hatukuwahi kuliwasha, na pikipiki. Pikipiki ilikuwa ya Kasian, nyekundu, ameinunua kwa mpunga wa misimu miwili, na ililala ndani pamoja nasi kwa sababu nje wangeiiba. Ukiamka asubuhi nguo zote zinanuka petroli, na Kasian alikuwa anapenda hivyo, anasema hiyo ndiyo harufu ya mtu mwenye mali. Mimi mali yangu ilikuwa mdomo. Shule niliishia kidato cha pili, mtihani ulinikataa na mimi nikaukataa, tukaachana bila ugomvi. Nilikuwa deiwaka, yaani naendesha pikipiki za watu wenyewe wakipumzika, na wenyewe walikuwa hawapumziki. Kwa hiyo muda mwingi nilikuwa nimekaa kijiweni nachekesha watu. Nilikuwa mwembamba mno, wananiita Pamba, kwamba upepo ukija wa nguvu inabidi wanishike. Leo nina mgahawa hapohapo Mlabani, na nikipanda bodaboda dereva anaangalia kwanza tairi la nyuma. Jina la Pamba limebaki, wateja wageni wakilisikia wanadhani ni utani.

Mashindano yalianzishwa na tajiri mmoja mwenye mashine ya kukoboa, tulimwita Bosi Pumba. Alitaka watu waijue mashine yake, na badala ya kubandika karatasi kwenye miti kama wenzake, akaona aandae mbio za pikipiki baada ya mavuno. Zianzie mnadani Kiberege, ziende mpaka kipande cha lami cha wakati ule kinapoishia, mnazunguka pipa, mnarudi. Sharti likawa kila dereva abebe abiria, maana sisi ni bodaboda, dereva asiye na abiria ni mtu anayetembeza chuma tu. Unaona jinsi nilivyoingia kwenye historia ya michezo ya bonde hili. Kasian hakunichagua kwa ushujaa. Alinibeba mgongoni kutoka mlangoni mpaka barabarani, akanitua, akasema nafaa. Madereva wakafanya kikao pale kwenye mashine, wamekaa juu ya magunia, na mimi sikuingia kwa sababu abiria hatukuwa na sauti. Kasian alirudi amefurahi, akasema kila kitu kimepangwa, ng'ombe watafungwa, watoto watashikwa, na mawe yatatolewa barabarani.

Hapo kwenye mawe nisimame kidogo kwa ajili ya msomaji ambaye si wa kwetu. Msimu wa mavuno, watu wa huku wanaanika mpunga kwenye lami. Lami inashika joto, mpunga unakauka upesi na haupati mchanga. Kila mtu anaanika mbele ya nyumba yake, nusu ya njia inakuwa ya njano, na pembeni ya mpunga anapanga mawe makubwa ili magari yasimkanyagie. Dereva wa huku akiona mawe anakwepa bila hata kufikiri, kama unavyokwepa mtu aliyekaa mlangoni. Basi siku ya mashindano kamati ya Bosi Pumba ilipita nyumba kwa nyumba na kipaza sauti, mawe yote yaondolewe kwa usalama wa madereva. Watu walitii, mawe yakaondoka. Mpunga hakuna aliyeuzungumzia. Kwetu sisi mpunga juu ya lami si kitu kilichowekwa barabarani. Msimu ule ni sehemu ya barabara yenyewe.

Watu walijaa siku ile kuliko gulio. Wapo waliokuja kutoka Mkula kwa miguu, wamebeba na viti vyao. Kasian alivaa koti la mvua kwenye jua kali, kwa sababu lilikuwa na mistari inayong'aa, na mimi nikavaa kofia ngumu ya fundi ujenzi iliyofungwa kwa kamba ya katani, nafanana na uyoga. Tulipoondoka nilifumba macho, nikayafumbua kwenye pipa, na kusema kweli nilipoyafumbua nilipenda nilichokiona. Tulikuwa wa pili. Mbele yetu alikuwepo jamaa mmoja wa Mkula tu, na abiria wake alikuwa mzito, pikipiki inakaa chini. Nilimpigia Kasian kelele sikioni kwamba tunamla huyu. Nilikuwa nimesahau kabisa kuogopa, na mpaka leo, pamoja na yote yaliyotokea, zile dakika chache nazikumbuka kwa raha. Kwenye kona ya kuingia kijijini jamaa wa Mkula akatanuka kulia, kushoto pakabaki wazi, mpunga umelala pale laini kama mkeka, na mawe hayapo. Msidhani hatukuuona. Tuliuona vizuri sana. Kila siku tunaukanyaga pembeni taratibu na hauna neno. Ila hatukuwahi kuukanyaga kwa mwendo ule, tena pikipiki imelala kwenye kona. Mpunga mkavu juu ya lami ni gololi. Kasian akaingia kushoto.

Mimi upepo ulinichukua kama walivyokuwa wanasema siku zote. Nilipita juu ya mfereji nikatua kwenye jaruba lenye tope, nikazama mpaka kiunoni, na nilipoinuka, kiatu kimoja hakipo, kofia imegeukia mbele imeziba uso, neno la kwanza nililosema ni, "Tumeshinda?" Watu walinisimulia baadaye kwamba walicheka. Halafu wakageuka barabarani na kicheko kikakatika. Pikipiki ilikuwa imemlalia Kasian kwenye paja, na mguu wake ulikuwa unaelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Madereva wa nyuma walikuwa wanafunga breki mmoja mmoja, wanashuka, wanavua kofia. Hakuna aliyemaliza mbio siku ile. Jamaa wa Mkula, aliyekuwa amebakiza kipande kidogo tu afike mnadani, naye aligeuza akarudi, na jambo hilo nimemheshimu nalo maisha yangu yote.

Akatokea mama mmoja wa makamo kutoka kwenye nyumba ile ya konani, akavua kitenge chake cha juu, akavunja fito mbili za uzio wake mwenyewe, akaagiza vijana wamshike mgonjwa mabega, akaufunga ule mguu. Huyo ndiye Mama Adela. Tulimpakia Kasian kwenye pikapu iliyobeba magunia, na yule mama akapanda, akapakata kichwa chake mpaka Ifakara hospitalini. Nyuma yetu watu walishaanza kusema mpunga ulikuwa wa nani, kwa nini hakuuanua, huyu mama ametuulia kijana. Alikuwa anawasikia. Mimi nilikaa kwenye gunia, tope linanikaukia mwilini.

Wodini walimfunga Kasian kamba mguuni, kamba ikapita kwenye gurudumu juu ya kitanda, mwisho wake wakaning'iniza uzito, ili mfupa uvutike ukae sawa. Alikuwa anafanana na kisima. Daktari, kijana mpole mwenye sauti ndogo, alituambia jambo moja ambalo nilienda kulala nalo na kuamka nalo mwaka mzima: mfupa wa paja unaunga kwa kutulia na kwa kula. Asipotulia na asipokula hautaunga, na usipounga ule mguu hautambeba tena. Kutulia Kasian hakuwa na hiari, amefungwa. Tatizo likawa kula. Ndugu zake walikuwa mbali, barabara ya kwao ilikuwa imekatika tangu masika, kwa hiyo muuguzaji nikawa mimi, mtu ambaye alikuwa hajawahi kuchemsha hata chai.

Mama Adela alianza kuja karibu kila siku, kutoka Kiberege mpaka Ifakara, na hotipoti imefungwa kwenye kitambaa. Ndani wali wa mchele wa supa, ule ukifungua harufu inatembea kitanda kwa kitanda, na kambale wa kukaushwa aliyeungwa kwa karanga. Alikuwa anasimama pale mguuni anauliza, "Umeamkaje, mwanangu?" na Kasian anamjibu shikamoo, halafu anageuza uso ukutani. Mama akishaondoka, Kasian ananiambia toa hicho chakula hapa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hali wali. Mtu wa bonde hili, tena mkulima, hali wali. Kitanda cha pili alilazwa mzee mvuvi kutoka ng'ambo ya mto, kiboko alimpindulia mtumbwi akamvunja mkono, na mzee huyo alikuwa hapitwi na neno. Akamwambia, "Kijana, ukikataa wali Ifakara watakuja watu wa uhamiaji wakuombe vitambulisho." Wodi nzima ilicheka isipokuwa Kasian. Basi chakula cha watu hakimwagwi, nikawa nakula mimi. Nilikuwa nakula kwa huzuni kubwa, nasikitika kila tonge, na nikimaliza napangusa hotipoti kwa kidole. Huo ndio mwanzo wa mwili huu mnaouona.

Nikaona nimpikie mwenyewe, labda ugali atakula. Nyuma ya hospitali kulikuwa na banda la wauguzaji, mafiga ya mawe yamepangwa, moshi, sufuria zimebonyea, na wapishi wote wanawake. Nilipoingia na unga wangu kwenye mfuko wa plastiki waligeuka wote, mmoja akauliza kama nimepotea njia ya bomba. Ugali wangu wa kwanza ulikuwa na madonge, mmoja akaomba ajengee. Lakini waliponiona nimerudi kesho yake, na kesho kutwa, wakaanza kunielekeza, huyu anakuambia punguza kuni, huyu anakunyang'anya mwiko. Mama Adela mwenyewe, akija mapema, alikuwa anakaa pale na kunifundisha wali: ukishafunika usifunue, anasema, wali si mtoto mchanga wa kuchunguliwa. Watu wananiuliza nilisomea wapi mapishi. Nawaambia nilisoma chuo cha moshi, walimu wangu wote walikuwa na wagonjwa, na hakuna aliyenidai ada. Nalisema hilo kwa kifua mbele. Kama si ule mguu wa Kasian ningekuwa mpaka leo nimekaa kijiweni, mzee mzima, nasubiri mtu apumzike nimwendeshee chombo chake.

Lakini Kasian ugali wangu nao aliudonoa tu. Shavu likaingia ndani, mikono ikawa kama yangu ya zamani. Daktari akaleta picha ya eksirei, akaiinua dirishani, akatuonyesha pale mfupa ulipokatika, panaonekana wazi kama ufa wa mlango. Akasema wakati huu ilitakiwa pawe pameanza kuziba. Hakumgombeza. Alisema taratibu tu kwamba hana dawa ya mtu asiyekula. Baada ya hapo sikuweza kuchekesha. Nilijaribu, mzee mvuvi akaniambia leo mdomo wako umelowa, kapumzike.

Siku moja niko bandani nachochea moto, Mama Adela amenipa mgongo, anaongea na mama mwenzake aliyekuwa anamuuguza mume. Alikuwa anamwambia kwamba hapati usingizi. Alisema siku ile mtu wa kamati alipokuja kumwambia atoe mawe, yeye alimuuliza, na mpunga je, niuanue? Akajibiwa mpunga hauna shida, mama, shida ni mawe. Akayatoa yale mawe kwa mikono yake. Sasa kijijini wanamnyooshea kidole, na mtoto wa watu hataki hata kumtazama. Niliacha sufuria motoni. Nilikimbia wodini nikijiona nimebeba dawa ambayo daktari hana, nikamweleza Kasian yote, kwamba yule mama hana kosa, aliuliza, akaambiwa aache. Nikamaliza nikasubiri afurahi.

Kasian aliangalia ile kamba yake juu. "Najua," akasema. "Mawe nilisema mimi."

Ikabidi nikae chini. Akaniambia kwenye kile kikao ni yeye aliyenyoosha mkono. Aliwaambia mawe ya mpunga yatatuua kwenye kona, yaondolewe yote. Walimpigia makofi, Bosi Pumba akamsifia kwamba huyu ndiye dereva anayetumia akili. "Kumwekea nongwa yule mama siwezi," akasema. "Ila kila akifungua ile hotipoti namwona anabeba mawe. Nile wali wake nimtazame wapi?" Nikamwambia basi mwambie. Akasema hawezi. Nikamwambia wewe ulipita kushoto kwenye kona ile, leo unashindwa na mama mwenye hotipoti. Mzee mvuvi, tuliyedhani amelala, akasema bila kufumbua macho, "Amwambie haraka, chakula kinapoa."

Mama Adela alipoingia, Kasian hakugeukia ukutani. Alimwamkia, akamwomba akae, na akamweleza, moja kwa moja, habari ya kikao na mkono wake na makofi. Mimi nilikuwa nimesimama pale naangalia miguu yangu. Mama Adela alifungua kile kitambaa cha hotipoti akakifunga tena, akakifungua tena. "Kumbe ni wewe," akasema. "Huyo mtu aliyesema mawe yatoke, mimi nilikuwa sijamjua, lakini kila jioni nikimaliza rozari nilikuwa namwombea apate la kumpata." Akamtazama mguu unaoning'inia. "Yaani mchana nakupikia, jioni nakuapiza. Utaponaje, baba?"

Nilimwangalia Kasian, Kasian akaniangalia mimi. Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni mama mwenyewe. Alicheka huku machozi yanamtoka, anajifuta kwa kitambaa cha hotipoti, akasema leoleo atabadilisha maombi, na Kasian naye afanye kazi yake, afungue mdomo. Kisha akachota wali kwa kijiko, akampelekea. Kasian alikula. Alikula mpaka akaikomba hotipoti, na mimi, nitasema ukweli, nilisimama pale nimefurahi sana huku tumbo langu linauliza mbona leo.

Tangu hapo alikula kama mtu anayelipwa. Mama Adela akaja na wali, mimi nikapika mchuzi, akina mama wa bandani wakachangia mboga. Jamaa wa Mkula alikuja kumtazama na samaki, na ni yeye aliyeenda kijijini Kiberege kuwaeleza watu ilivyokuwa, kwa ruhusa ya Kasian, mpaka vidole vikashuka. Picha iliyofuata daktari aliiinua dirishani akatabasamu, ule ufa umeanza kujaa kama ukungu. Watu wengine wanasema mfupa haujui mambo ya moyo. Inawezekana, mimi niliishia kidato cha pili. Nilichokiona ni kwamba mtu alikula, na mguu ukaunga.

Uliunga mfupi, lakini. Walipomtoa kwenye kamba na kumsimamisha kwa magongo, tukaona mguu mmoja unaning'inia juu ya sakafu kama haujaamua. Daktari akamwambia autumie hivyohivyo, utambeba. Siku aliporuhusiwa tulipita kwa fundi anayeshona makatambuga, viatu vile vya matairi, mimi na Kasian na Mama Adela aliyekuwa amekuja kutuchukua. Fundi akauliza apime mguu gani. Kasian akamwambia apime yote miwili, maana imeachana. Fundi akakata, akaongeza tabaka la tairi kwenye kiatu kimoja, akaongeza jingine, akagonga misumari, akampa. Kasian alivaa, akasimama, akanipa magongo. Barabara ilikuwa mbele yetu na hakukuwa na gari. Akaanza kuvuka. Mama Adela alimfuata nyuma kwa karibu, mikono ameitanua kama anayemfuata mtoto anayejifunza. Kasian akasema bila kugeuka, "Usinishike, mama." Akajibu, "Sijakushika. Nina safari zangu." Wakafika ng'ambo. Mimi nikachukua mizigo yote niwafuate, nikamwona Kasian anageuka, anaanza kurudi tena upande wangu, polepole, kichwa juu. Nikamuuliza amesahau nini. Akasema hajasahau kitu, anataka tu kuhakikisha kama ule mguu unajua na njia ya kurudi.